Kuchagua mtaa wenye wadudu wachache Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa mpangaji na mwenye kiwanja

Dalali atakuonyesha marumaru, dari ya jipsamu na geti la umeme. Hatakupeleka nyuma ya nyumba kuona chemba iliyopasuka, wala hatakuambia kwamba pagale la jirani lina shimo la choo lililochimbwa, likaachwa wazi, likajaa maji tangu masika. Na kwa kuwa Dar wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ukishalipa ndiyo umelipa. Mbu hao ni wako mpaka mkataba uishe.

Jiji hili lina joto, liko pwani, na linapata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mtaa usio na mdudu haupo. Kinachowezekana ni kuchagua mdudu utakayemmudu na kumkwepa yule usiyemuweza. Mabondeni kuna mbu na panya. Miinukoni na pembezoni mbu wanapungua, lakini nyoka, nge na tandu wanaongezeka. Katikati ya mji nyoka ni habari ya kusikia tu, ila mende na panya ni wapangaji wenzako. Jina la mtaa peke yake halikusaidii sana. Kuna nyumba za mamilioni Mikocheni ambazo jioni hakuna anayethubutu kukaa barazani, na kuna vyumba vya bei ya kawaida Kimara ambako watu wanalala madirisha wazi. Kinachoamua ni mita mia mbili zinazouzunguka mlango wako, na hizo unaweza kuzikagua mwenyewe kwa miguu.

Hatua ya kwanza: jua unamkimbia nani

Angalia nani ataishi humo ndani kabla hujaangalia ramani. Mwenye mtoto anayetambaa amhofie nge kuliko kitu kingine: mtu mzima akiumwa na nge atalia usiku kucha kwa maumivu, lakini kwa mtoto mdogo sumu ileile inaweza kuwa ya hatari. Penye mjamzito, mbu wa malaria ndio wa kukimbiwa, hata kama malaria hapa mjini imepungua sana ukilinganisha na Tabora, Kigoma au Geita. Mwenye pumu aogope mende, kwa sababu vumbi la vinyesi na magamba yao huamsha pumu. Mfanyabiashara anayehifadhi nguo au nafaka nyumbani, adui yake ni panya. Anayerudi usiku kwa miguu akipita kichochoro chenye majani afikirie nyoka.

Huwezi kuwakwepa wote kwa kodi moja. Chagua wawili.

Hatua ya pili: lisome jiji kwa maji na kwa pori

Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu na utafute mito kwanza. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Mto Ng'ombe unakatiza Tandale. Kizinga na Mzinga ziko upande wa Temeke, na Mlalakuwa unashuka kuelekea Kawe. Mito hii mvua ikinyesha inafurika, na ikikauka inaacha madimbwi, taka na bustani za mchicha zenye visima vya kumwagilia. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali iliwahamishia familia nyingi za bonde la Msimbazi Mabwepande. Mafuriko hayaleti maji tu. Panya na nyoka nao wanahama, na wanahamia panapoinuka kidogo, yaani kwenye baraza na dari za nyumba zilizo kando ya bonde.

Ukanda wa pwani tambarare, kama Msasani, Mikocheni na sehemu za chini za Mbezi Beach, shida yake iko ardhini: maji ya chini yapo karibu na uso, kwa hiyo makaro yanajaa haraka na mitaro haina pa kumwagia. Boko Basihaya nako wakazi wanaijua hadithi ya maji yasiyoondoka. Ukikaribia mikoko ya Kunduchi, Mbweni au hori za Kigamboni, utakutana na mbu wengine wanaozaliana kwenye mashimo ya kaa. Hao wanauma vibaya, na mtaro msafi hauwapunguzi hata mmoja. Upande wenye upepo wa bahari una nafuu yake, maana mbu ni warukaji dhaifu na upepo unawashinda, lakini upepo huo unaishia kwenye ukuta mrefu wa jirani.

Miinuko ya Makongo Juu, Goba, Salasala na Kimara inakimbiza maji. Hii ndiyo sehemu ninayoipendekeza kwa anayechukia mbu. Ila miinuko hiyo imekatwakatwa na makorongo, na makorongo hayajengwi; yanaota vichaka na kutupiwa taka. Nyumba iliyo juu kabisa ya kilima na nyumba iliyo ukingoni mwa korongo zinaweza kuwa na anwani moja, ila wageni wao wa usiku ni tofauti kabisa.

Pembezoni mambo yanabadilika. Mabwepande na Madale ziko jirani na Pori la Akiba la Pande. Pugu na Chanika zinapakana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ukivuka Mbagala kuelekea Mkuranga kuna msitu wa Vikindu, na Kigamboni bado ina mikorosho na minazi mingi. Shamba likifyekwa kuwa viwanja, nyoka na nge hawahami siku hiyohiyo. Wanabaki miaka kadhaa wakihangaika kati ya pagale na pagale. Wenzetu wa Phoenix, kule Arizona Marekani, wanalijua hili vizuri: mitaa mipya inayojengwa kwenye ukingo wa jangwa ndiyo inayolalamikia nge zaidi. Kwetu hakuna jangwa, ila kanuni ni ileile. Kwa hiyo ukienda pembezoni, uliza mtaa una umri gani na asilimia ngapi ya viwanja imeshajengwa. Mtaa ambao viwanja vingi vimejengwa, vimezungushiwa ukuta na vinafagiliwa, ni tofauti kabisa na mtaa wenye nyumba nne na mapori kumi.

Mji wa zamani hauna mengi ya kueleza. Kariakoo, Ilala, Magomeni na Manzese zina mende na panya, hasa ukikaribia wauza nafaka kama soko la Tandale. Ghorofa za juu za Upanga na Kariakoo zinapunguza mbu, haziwamalizi, na mende hupanda kwa mabomba hadi ghorofa ya mwisho. Kwa nzi, kaa mbali na dampo la Pugu Kinyamwezi na machinjio ya Vingunguti. Mabwawa ya majitaka nayo, kama yale ya Vingunguti, Kurasini na Mikocheni, yatafute kwenye ramani: utayaona kama vioo vya mstatili.

Hatua ya tatu: tembea mita mia mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwambie dalali akusubiri, au mwage kabisa, uzunguke peke yako. Viatu vya kufunika, tochi, na macho chini.

Unatafuta maji yaliyotulia, na unataka kujua ni maji ya aina gani, kwa sababu kila mbu ana maji yake. Mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeleta dengue, anapenda maji safi kwenye vyombo: tairi, dumu lililokatwa, vifuu vya nazi, sahani za maua, simtanki lisilo na mfuniko. Anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Dengue ililitikisa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, na haikuchagua uswahilini wala ushuani. Jambo jema ni kwamba mbu huyu haendi mbali. Kwa kawaida anaishia mita mia moja hadi mia mbili kutoka alikozaliwa. Maana yake ukimkuta, mwenyeji wake ni jirani yako. Gereji bubu yenye lundo la matairi, au muuza madafu anayetupa maganda nyuma ya banda lake, ndani ya umbali huo, ni sababu tosha ya kutafuta nyumba nyingine. Mayai ya mbu huyu hukaa makavu miezi mingi yakisubiri mvua, hivyo lundo la matairi makavu mwezi wa nane si lundo salama.

Mbu wa kahawia, yule wa kelele sikioni usiku, anazaliana kwenye maji machafu: mtaro ulioziba, karo lenye ufa, choo cha shimo. Huyu ndiye mwingi kuliko wote Dar, na ndiye anayebeba matende na mabusha. Anaruka mbali kidogo, hata zaidi ya kilomita, kwa hiyo kusafisha uwanja wako hakutoshi ikiwa mtaa mzima una makaro yanayovuja. Dalili yake ni pua yako. Mtaa unaonuka majitaka saa nane mchana utakuwa na mbu saa mbili usiku.

Mbu wa malaria yeye anapenda madimbwi yenye jua na maji yasiyo machafu sana: nyayo za ng'ombe, matuta ya mchicha na mpunga, mashimo ya kufyatulia tofali. Chungulia dimbwi lolote utakaloliona. Kama kuna vijidudu vinavyojinyonganyonga majini na kuzama ukitia kivuli, hao ni viluwiluwi wa mbu. Kwa joto la Dar, yai linakuwa mbu anayeruka kwa siku kama saba hadi kumi.

Sasa mapagale. Kama kuna kitu kimoja cha kukiogopa katika mitaa inayokua, ni pagale la mtu aliyeko Mwanza au Uingereza ambalo halijaguswa miaka mitano. Lina shimo la choo lililo wazi, majani hadi kiunoni, na lundo la tofali na mbao zilizooza. Humo kuna kila mtu: mbu, panya, nge, na nyoka anayewafuata panya. Hesabu mapagale yanayopakana na nyumba unayoitaka. Moja linavumilika kama mwenyewe anajulikana na anapokea simu. Matatu, ondoka.

Tazama pia fensi. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu hauna pa kujificha. Michongoma na minyaa ni maskani. Lundo la mawe ya matumbawe, makuti makavu, kuni, na mabati yaliyoegeshwa ukutani ni makazi ya nge na tandu. Tazama juu vilevile: tawi la mwembe au mkorosho linalogusa paa ni daraja la panya na la nyoka wa kijani wa pwani, ambaye anaishi mitini na sumu yake ni kali. Ukiona majani ya mwembe yameshonwa pamoja kama kifuko, ni majimoto. Wanauma, lakini wanakula wadudu waharibifu wa minazi na maembe, kwa hiyo usimlazimishe mwenye nyumba kuwapulizia dawa. Kata tu matawi yanayofika dirishani.

Na kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Walitoka India na wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890. Hawatakuzuia usingizi, ila ni mashahidi wazuri: wakijazana mahali, taka haziondolewi. Penye taka zisizoondolewa panya hawako mbali. Uliza gari la taka linapita siku gani, na watu wenyewe wanasema linapita kweli au linapita kwenye risiti.

Rudi jioni. Nenda saa kumi na mbili na nusu, simama dakika kumi na tano karibu na geti, miguu wazi. Angalia kama watu wamekaa barazani au wameshafunga madirisha. Ukiweza, nenda tena siku mbili baada ya mvua kubwa. Kuchagua nyumba ya bondeni mwezi Septemba, udongo ukiwa mkavu na upepo ukivuma, ni kucheza bahati nasibu. Kama huna muda wa kusubiri mvua, tafuta alama ya maji kwenye kuta: mstari wa tope, rangi iliyobabuka kwa usawa mmoja nyumba hadi nyumba, vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali milangoni. Watu hawainui vizingiti kwa urembo.

Hatua ya nne: wa kuuliza, na namna ya kuuliza

Swali la "kuna mbu hapa?" halina faida. Kila mtu atakujibu "mbu wapo kila mahali," na ni kweli. Uliza jambo lenye tarehe na mahali. Masika iliyopita maji yalifika wapi? Nyoka wa mwisho kuuawa mtaa huu aliuawa nyumba ya nani? Karo la nyumba ile linanyonywa mara ngapi kwa mwaka?

Mtu wa kwanza kumuuliza ni mwenye duka la mtaani. Nunua soda, salimia vizuri, kisha:

"Mama shikamoo. Nataka kuhamia ile nyumba ya geti la bluu. Hapa dukani kinachotoka sana ni dawa ya mbu ya kuchoma au gundi ya panya?"

"Marahaba mwanangu. Dawa ya mbu hapa sikai nayo siku mbili. Panya si sana, paka wapo."

Umeshapata jibu ambalo dalali asingekupa hata ungemlipa mara mbili. Wanaofuata ni vijana wa bodaboda, kwa kuwa wanapita usiku na wanajua nyoka anakatiza wapi. Mama ntilie, kwa habari za nzi na panya. Na watoto, ambao hawajui kuficha. Mtoto akikwambia "pale tulimuua nyoka mkubwa," mwombe akuonyeshe mahali penyewe.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mjumbe wanajua mwenye kila pagale. Waulize kama halmashauri huwa inapuliza dawa ya viluwiluwi kwenye mitaro na madimbwi. Dawa hiyo ya kibayolojia inatengenezwa hapo Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, na Dar ilikuwa na mpango wa kunyunyizia viluwiluwi tangu mwaka 2004. Mtaa ambao mwenyekiti anaweza kukutajia mara ya mwisho walipopuliza, hata kama ni zamani kidogo, una uongozi unaofuatilia mambo.

Hatua ya tano: ingia ndani ukague

Usianze na jiko, anza na milango. Jifungie chumbani mchana, zima taa, tazama chini ya mlango wa nje na pembeni mwa fremu za madirisha. Mwanga unapopita, nge mdogo anapita, na mende anapita akiwa anakimbia. Nyavu za madirisha ziguse kwa kidole. Nyingi zimepauka jua na zinachanika ukizigusa. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana kasoro moja: wavu ukiwa upande mmoja na kioo ukakiacha katikati, kunabaki upenyo ambao mbu anaupenda kuliko mlango.

Nenda bafuni na jikoni. Mwaga maji kwenye kila shimo la sakafuni. Kama harufu inapanda, hakuna kizuizi cha maji kwenye bomba na mende wanapandia hapo. Fungua makabati, piga tochi kwenye bawaba na nyuma ya friji kama ipo. Vitone vyeusi kama kahawa iliyosagwa ni vinyesi vya mende. Kinyesi kama punje ya mchele mweusi ni cha panya. Gonga fremu za milango kwa funguo. Ikitoa sauti ya utupu, au ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani, mchwa wameshaingia. Chungulia darini ukipata ngazi. Nyumba ikiwa na fanicha, inua godoro na utazame mishono yake na nyufa za kitanda: madoa madogo meusi na maganda ya kahawia ni kunguni, na hao hawahusiani na mtaa hata kidogo, wanaletwa na vitu.

Nje, inua mfuniko wa kila chemba. Angalia karo: mfuniko una ufa? Bomba la kupumulia lina wavu juu? Bomba lisilo na wavu ni bomba la moshi la mbu. Kipande cha wavu na waya wa kufungia ni gharama ndogo kuliko chandarua kimoja. Kwa choo cha shimo kilichojaa maji kuna dawa ya kizamani inayofanya kazi: chengachenga za povu jepesi, zile nyeupe za kufungashia tivii, zikielea juu ya maji kama tabaka nene, mbu hawezi kutaga wala viluwiluwi hawapumui. Makunduchi, Unguja, walifanya hivyo miaka ya mwisho ya 1980 na mbu wa kahawia wakapungua mno.

Kwa nge kuna kipimo ambacho watu wachache hapa wanakitumia. Ganda la nge linang'aa rangi ya kijani mpauko likimulikwa kwa tochi ya mwanga wa zambarau, ileile ya kukagulia noti bandia. Omba ruhusa ya kuingia uwanjani saa tatu usiku, siku isiyo na mbalamwezi, umulike misingi ya ukuta, magome ya miti, lundo la tofali na nyufa za sakafu. Vaa viatu vya kufunika, usiguse chochote kwa mkono. Ukimuona mmoja si msiba. Ukiona watano kwenye ukuta mmoja, tafuta kwingine, hasa kama una watoto. Na ukitaka kujua wa kuogopwa zaidi, tazama maumbile yake: mwenye koleo nyembamba na mkia mnene kwa kawaida ana sumu kali kuliko yule mkubwa mweusi mwenye koleo nene.

Kama ni kiwanja, si nyumba

Mwenye kununua kiwanja ana bahati ya kurekebisha mambo kabla hayajawa, kwa hiyo maswali yake ni mengine. Tazama mteremko: maji ya viwanja vya juu yatapita wapi, na je, yatapita kwako? Tafuta vichuguu. Mchwa Dar ni jambo la kutarajia, na wakati wa kuwashughulikia ni mmoja tu: baada ya kujaza kifusi kwenye msingi na kabla ya kumwaga zege la sakafu. Fundi apulize dawa ya mchwa kwenye udongo wote wa ndani na pembezoni mwa msingi. Uwepo siku hiyo. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na chupa uifungue wewe mwenyewe. Mafundi wengine huongeza maji mpaka dawa inabaki jina.

Inua msingi kuliko jirani zako. Kwa eneo lenye nge, pigilia marumaru laini kuzunguka ukuta wa nje, mistari miwili kutoka ardhini, kwani miguu ya nge haishiki kwenye kitu kinachoteleza. Tofali za matundu zizibwe juu ya kila ukuta wa fensi, la sivyo umejenga ghorofa za kupangisha wadudu. Ukiona mashimo makubwa yenye udongo mpya kando ya msingi, ni panya buku. Hao wa Morogoro wamefundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, lakini wa Goba hawajasoma. Wanachimba tu, na shimo lao likiachwa nyoka analirithi.

Usifyeke kiwanja kwa moto. Unawasukuma wote kwa jirani, naye atakurudishia mwaka ujao. Fyeka kwa mkono ukianzia upande wa nyumba kuelekea porini, ondoa takataka siku hiyohiyo, na acha ukanda wa mita mbili usio na majani kuzunguka kuta.

Neno kuhusu nyoka, kwa kuwa wengi mtaenda pembezoni hata hivyo

Pembezoni kuna fira, kuna moma, na kwa nadra koboko. Usimpige. Wengi wanaoumwa, wanaumwa wakijaribu kuua. Fungia watoto ndani, mtazame kwa mbali asipotee machoni, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Aliyeumwa atulie, kiungo kisitikiswe, pete na bangili zivuliwe, akimbizwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke jiwe la nyoka ukasubiri. Aliyetemewa mate na fira machoni asafishwe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi, kisha hospitali. Kwa hiyo kabla hujakubali nyumba, pima kwa saa, si kwa kilomita, muda wa kufika hospitali yenye dawa ya nyoka usiku wa mvua. Piga simu hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Mwananyamala, Amana au Temeke, uulize dawa hiyo ipo. Kama jibu ni saa mbili kwa barabara ya tope, hilo liingie kwenye hesabu ya kodi.

Hatua ya mwisho: elewaneni kabla ya kulipa

Nguvu yako ni kubwa siku moja tu, siku ambayo pesa bado iko mfukoni. Mweleze mwenye nyumba kwa heshima yale uliyoyaona, moja moja, ukiwa naye pale pale: "Mzee, ile chemba ya nyuma imepasuka, na bomba la karo halina wavu. Ukinitengenezea hayo na nyavu za vyumba viwili, naleta hela Jumamosi." Wengi watakubali, maana ni gharama ndogo kuliko mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu. Yaandikwe kwenye mkataba: nani anatengeneza nini na kwa tarehe gani, nani analipia gari la majitaka karo likijaa, nani anafyeka nje ya ukuta. Ahadi ya "hamia kwanza, fundi anakuja wiki ijayo" usiipokee.

Ukipata ufunguo, puliza dawa nyumba ikiwa tupu, kabla ya kuingiza hata kijiko. Ziba nyufa kwa saruji au silikoni, weka mpira chini ya milango ya nje. Vitu vyako navyo vikague kabla havijapanda kwenye gari. Maboksi ya dukani yanabeba mayai ya mende, kwa hiyo tumia mifuko ya kufungwa au ndoo zenye mifuniko. Sofa na vitanda vya mitumba vianikwe juani na kukaguliwa kwenye mishono. Kirikuu kilichobeba godoro la mtu mwingine asubuhi, kitandike turubai lako mwenyewe kabla hujapakia la kwako.